Aliyepotea Akatufikisha: Dada Fongkham Yotwong Anastaafu

Dada Fongkham Yotwong, Mratibu wa Vijiji katika Taasisi ya Maji na Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, anastaafu rasmi siku ya mwezi mpevu ambayo watawa wetu wanatoka katika Mafungo ya Mvua, mwaka huu wa 2565 kwa kalenda yetu ya Kibudha. Ametumikia bonde hili kwa miaka thelathini na miwili. Katika muda wote huo hakukosa mkutano, hakumwogopa mkubwa yeyote, na hakuwahi hata mara moja kumuuliza mtu njia.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyotuletea sherehe ya mwaka huu, kwa hiyo itabidi niieleze vizuri.

Anayeandika ni Nirut wa redio ya jamii, yule mnayemsikia kila asubuhi akitangaza bei ya vitunguu saumu na hali ya hewa. Nimefanya kazi na Dada Fong karibu tangu mwanzo, nikibeba spika nyuma yake kila alikokwenda, na magoti yangu ni ushahidi. Kamati imeniomba niandike kwa heshima na kwa ufupi. Kwenye heshima nitajitahidi.

Dada Fong hakuja kwetu kuomba kazi. Alikuja kugomba, tena na mtawa, tena barabarani mbele ya watu. Mwaka ule mvua ilikuwa imetutupa mkono. Asubuhi wanawake wa kijiji cha Ban Khwan walisimama pekupeku kando ya njia kama kawaida, wameshika vikapu vya wali wa kunata, wakingoja kuwatilia watawa kwenye mabakuli yao. Mtawa Kittisan, ambaye wakati huo alikuwa kijana ametoka masomoni Bangkok, alipofika mbele ya Fong alimkuta amesimama na kikapu kitupu.

“Leo sina, Baba Mtawa,” alimwambia. “Na kesho sina. Nusu ya hawa wanaokutilia hapa wali wameukopa. Sasa ukitubariki, unatubariki tuvune nini?”

Majirani walitamani ardhi ipasuke wajifiche. Baba Mtawa Kittisan alifunika bakuli lake, akarudi hekaluni, na siku hiyo hakula. Mchana alikwenda nyumbani kwa kina Fong, akaketi barazani, akamwomba arudie swali lake polepole. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa ghala la mpunga: wenye mavuno wanatoa mpunga hekaluni kama sadaka, katika sherehe ileile ya kuwapa watawa mavazi, na waliopungukiwa wanaazima miezi ya ukame bila kumpigia mtu magoti. Alipohitajika msimamizi, Baba Mtawa alisema amewafikiria watu wengi wapole na ameona kwamba wapole hawataiweza kazi ile. Hivyo ndivyo Dada Fong alivyoajiriwa.

Wageni wanaotutembelea siku hizi wana jina la kitaalamu kwa haya tunayoyafanya. Wanayaita Ubudha unaoshiriki mambo ya dunia, wanayaandikia makala, wanapiga picha miguu ya watawa. Sisi hatukuwa na jina. Baba Mtawa alikuwa akisema tu kwamba mtu akimaliza kutafakari lazima afumbue macho, na akifumbua ataona kitu, na akishakiona hawezi kujifanya hakukiona.

Kuhusu kutafakari kwenyewe, ukweli usemwe: Dada Fong hakukuweza. Katika kambi yetu ya ukimya alilala siku ya kwanza tu, tena akiwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, mikono imepakatwa, akikoroma kama pikapu inayopanda mlima kwa gia ya kwanza. Watu walitaka kumwamsha. Baba Mtawa akakataza, akasema kwamba katika ukumbi mzima ni huyo tu ambaye hajifanyi.

Lakini kuna siku alizokuwa macho kuliko sisi sote. Wazee wenzangu wanaikumbuka miaka UKIMWI ulipoingia bondeni. Vijana wetu walirudi kutoka mijini wamekonda, na watu wakaanza kuogopa vikombe walivyonywea. Alipokufa Bunpan, mtoto wa fundi baiskeli, mama yake alipika chakula cha matanga kama desturi inavyotaka. Watu walikuja, maana kutokuja ni aibu. Walikaa mbali, wakazungumza mambo ya mvua, na hakuna aliyekigusa chakula. Yule mama alikuwa akizunguka na sinia, na sinia lilikuwa linarudi jikoni limejaa.

Dada Fong aliingia, akanawa mikono, akaketi katikati ya mkeka akaanza kula. Alikula kwa sauti. Alifinyanga tonge la wali wa kunata, akachovya, akatafuna, akafunga macho. “Mama Bunpan,” aliita ili hata walioko nje wasikie, “hii pilipili umeichoma kwa kuni gani? Mbona sisi zetu haziwi hivi?” Baba Mtawa, ambaye saa yake ya kula ilikuwa imeshapita na kanuni haimruhusu tena, alikuja akaketi karibu naye, aonekane tu. Watu wakaanza kuvuta mikeka, mmoja, kisha wengine. Nilikuwepo, nilikula, na nililia ndani ya wali wangu bila kuona haya. Mama Bunpan yuko hai mpaka leo, na Dada Fong akipita nyumba ile hawezi kuondoka bila kufungiwa kifurushi.

Sasa tupande mlima.

Pha Khwan ni mlima wa mawe ya chokaa, na kijiji chote kinakunywa maji ya chemchemi iliyo upande wake wa mashariki. Bwana Wirot, mkandarasi wa mjini lakini mzaliwa wa hapahapa, alikuwa amepata kibali cha kupasua mawe upande wa magharibi. Kibali kilisema upande huo hauna maji. Tulisikia habari za baruti tukaingiwa na hofu, lakini hatukuwa na la kujibu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kwenda huko. Ni msitu wa mizimu, na sisi tumelelewa kuiheshimu mizimu kwa kukaa mbali nayo.

Tukaamua kufanya tunaloliweza, yaani kuuvisha msitu. Mnaijua desturi hii ya huku kaskazini: mti mkubwa unafungwa vazi la mtawa, lile la manjano iliyoiva, watawa wanausomea, na tangu hapo mwenye shoka anafikiri mara mbili. Tulipanga kuuvisha mti ulio juu ya chemchemi yetu, mashariki. Ofisi ya wilaya iliruhusu kwa sharti kwamba tusivuke kwenda magharibi na tusifanye siasa. Dada Fong alikubali masharti yote. Naapa kwamba safari hiyo alikusudia kuyafuata.

Vazi lilitolewa na Bibi Chansom, ili thawabu zake zimfikie marehemu mumewe. Bibi Chansom ni mama mzazi wa Bwana Wirot. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Bibi alikuwa na vazi, alikuwa na marehemu wake, na sherehe ilikuwa inakuja. Alisisitiza kupanda mwenyewe na fimbo yake, na aliyejaribu kumshika mkono alichapwa nayo kidogo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu wa mbele yangu nilimjua kwa kumkanyaga. Dada Fong alitangulia, watawa nyuma yake, sisi wengine tukafuata na vyungu, maua na spika. Kwenye njia panda tulimkuta mama mmoja akichuma uyoga.

“Dada Fong, tumuulize huyu mama!” nikapaza sauti.

“Muulize wewe uliyepotea,” akanijibu kutoka ndani ya ukungu. “Mimi nimezaliwa hapa.”

Tukapanda. Tukapanda tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba chemchemi imehama. Bibi Chansom aliuliza kama tunakwenda Burma, maana angebeba nguo za kubadilisha. Ghafla Dada Fong alisimama, akainua mkono. “Mnasikia? Maji hayo. Tumefika.” Kweli, maji yalisikika, mahali fulani chini ya miguu yetu. Mbele yetu ulisimama mti wa takhian mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona, na kwenye gome lake kulikuwa na namba iliyopakwa kwa rangi nyekundu.

Niliuliza mbona mti una namba.

“Watu wa bahati nasibu hao,” alisema Dada Fong. “Takhian mkubwa namna hii, unadhani wataacha kuja kuukuna gome wapate namba?”

Maelezo yalituridhisha, kwa sababu kila mmoja wetu ana shemeji anayekuna magome siku moja kabla ya bahati nasibu kuchezeshwa. Nusu ya msafara iliikariri namba ile kimoyomoyo, na mimi nilikuwemo. Kwa taarifa ya wasomaji, haikutoka.

Watawa walisoma, maji ya baraka yakanyunyizwa, Bibi Chansom akalishika vazi la mumewe na kulipeleka shavuni kabla ya kulifunga. Na sala ya mwisho ilipokuwa inaisha, ukungu ukanyanyuka. Chini yetu hatukuona mashamba yetu ya mpunga. Tuliona barabara mpya ya udongo, bendera nyekundu, buldoza mbili, na hema ambalo mbele yake alisimama mpimaji mmoja, mswaki mdomoni, akitutazama. Namba ile ilikuwa ya kwake.

Wa kwanza kusema alikuwa Bibi Chansom. “Fong, mwanangu. Mlima umegeuka, au ni sisi?”



Kesho yake Bwana Wirot alikuja na watu wake na misumeno. Bibi Chansom naye alikuwa amepanda tena na kuketi kwenye mzizi, akitafuna majani yake ya chai iliyochachushwa. Vijana wa misumeno walipoliona vazi waliweka zana chini, wakakutanisha viganja wakainama. Yule aliyepaka namba alipiga magoti akauomba mti msamaha, kisha akauliza kama kuna mtu ana kitambaa cha kufutia rangi.

Bwana Wirot si mtu mbaya, na nasema hivyo mkijua kwamba atakuwepo kwenye sherehe. Alimsalimu Baba Mtawa kwa adabu, halafu akamwambia waliondoe vazi wenyewe, wakalifunge kule walikoruhusiwa.

“Kitambaa ni kitambaa, Wirot,” alisema Baba Mtawa. “Hakina uchawi. Anayetaka kukifungua, akifungue.”

Bwana Wirot aliwatazama vijana wake. Vijana walizitazama ndala zao. Basi akakunja mikono ya shati, akaukaribia mti, akashika fundo.

“Fungua, mwanangu,” alisema mama yake bila kuacha kutafuna. “Baba yako amelivaa siku moja tu, lakini fungua.”

Mkono ulikaa pale kwenye fundo kwa muda. Kisha aliuteremsha, akashuka mlima bila kumuaga mtu, na baada ya wiki chache tukapata habari kwamba amekwenda mahakamani. Watawa hakuthubutu kuwashtaki. Alimshtaki Dada Fong, kwa kuwaongoza watu kuvamia eneo la kibali chake. Adhabu ya kosa hilo ni jela.

Mambo yakawa moto kila upande. Mtawa mkuu wa wilaya alimwita Baba Mtawa akamkanya: mtu anapopewa utawa huulizwa kama yeye ni binadamu, je, mti ulijibu nini? Baba Mtawa alikiri kwamba haukujibu kitu, na kwamba hakuupa utawa. Aliwavisha watu kumbukumbu tu, na mti ulisaidia kuibeba. Alipoambiwa aachane na siasa, alisema kwa upole, “Mheshimiwa, kila asubuhi napita barabarani na bakuli langu. Maji ya kijiji yakikauka, humo ndani nitatiliwa siasa gani?” Akatishiwa kuhamishiwa hekalu la mbali. Alirudi nyumbani akaanza kuwaandaa watu kwa matembezi.

Tulitembea kwa ukimya kando ya mto mpaka mji wa mkoa, watawa mbele, sisi nyuma, bila bango wala kauli. Kwa Dada Fong kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kutembea. Alijaza majani ya chai mashavuni ili asiweze kusema, akafika mjini na mashavu kama ya mtu aliyeng'olewa magego. Askari wa geti la ofisi ya mkoa walipotuona hatupigi kelele walichanganyikiwa, kisha wakaleta maji ya kunywa. Dada Fong alitema majani ili awashukuru, na shukrani yenyewe ikageuka hotuba ndefu juu ya chemchemi. Ukimya wetu uliishia hapo.

Kabla ya kesi walimjia watu wa pande mbili. Wakili wa Bwana Wirot alisema: sema ulipotea, omba radhi, hamisha vazi, kesi inafutwa. Marafiki zetu wanaharakati kutoka Bangkok walisema: sema ulikusudia, kwamba ule ulikuwa upinzani wa makusudi wa wananchi, na nchi nzima itasimama nyuma yako hata ukienda jela. Wa kwanza walitaka auache mti. Wa pili walitaka aseme uongo. Kati ya kanuni tano tunazozikariri kila siku takatifu, ya kutoua ameivunja kwa mbu mbele yangu mara nyingi. Ya kutosema uongo hakuwa tayari kuigusa.

Alikwenda kumuuliza Baba Mtawa. Aliuliza ushauri, tafadhali muelewe, hakuuliza njia. Baba Mtawa alimwambia, “Fong, mimi nilikuwa nyuma yako. Na mimi nilipotea.” Dada Fong alitoka pale amekasirika sana, na alipika chakula cha jioni chenye pilipili ambazo ofisi nzima ilizikumbuka kwa siku kadhaa.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na uso usiopendelea. Alimuuliza kama alijua kwamba anaingia eneo la kibali.

“Sikujua, Mheshimiwa. Nilipotea. Kabisa. Na hawa wote walinifuata wakapotea na mimi, watawa wakiwemo.”

Ukumbi ulicheka. Marafiki wa Bangkok walitazama dari. Wakili wa Bwana Wirot alianza kufunga mkoba wake.

“Basi utalihamisha lile vazi ulipeleke ulikokusudia,” alisema hakimu.

“Hapana, Mheshimiwa. Njia niliikosea. Nilikofika sijakosea. Siondoki.”

Wakili wetu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakimu alivua miwani, akamuuliza kama anaelewa kwamba kwa maneno hayo anaweza kwenda jela, na akamtaka aeleze sababu.

“Mheshimiwa, ukungu ulikuwa mzito, sikuona kitu. Nilifuata sauti ya maji, nikadhani ni chemchemi yetu. Kibali kinasema upande ule hauna maji. Sasa nauliza na mimi, nilipotelea kwenye sauti ya nini?”

Hakimu alitazama kibali, akamtazama Bwana Wirot, akavaa miwani yake. Akasema mahakama itapanda mlima.

Walipanda ukiwa ukame mkali, majani yamekauka, mito imebaki kokoto. Hakimu alivaa raba za karani wake. Pale chini ya takhian alituamuru tunyamaze, hata Dada Fong, akapiga magoti kwenye mizizi akatega sikio. Mimi nilikuwa na spika begani. Maji yalikuwa yakienda. Yalikuwa yakienda chini ya mwamba, mengi, kwa sauti ya watu wanaoongea chumba cha pili.

Wakili wa Bwana Wirot alisema hayo yanaweza kuwa maji yoyote, si lazima yawe ya kijiji. Dada Fong alikuwa amelitarajia hilo. Alifungua gunia zima la manjano ya kupikia, alilokuwa amewachangisha wanawake wa Ban Khwan kutoka jikoni kwao, akayamimina kwenye ufa wa mwamba mbele ya hakimu. Halafu tukashuka kwenda kungoja.

Aliyeleta habari hakuwa mmoja wetu. Asubuhi iliyofuata Bwana Wirot alikuwa nyumbani kwa mama yake, na mama yake alikuwa akinawa uso. Bibi Chansom alifungua bomba la maji ya chemchemi yetu, na maji yakatoka ya manjano. Aliyakinga kwa viganja, akamwonyesha mwanawe, akanawa nayo vilevile. Bwana Wirot alikwenda mwenyewe kwa hakimu akasema alichokiona. Kesi ilifutwa, kibali kikasimamishwa, buldoza zikashuka. Baba Mtawa hakuhamishwa. Na ofisi yetu yote ilikula wali usio na manjano mpaka sokoni yalipopatikana tena.

Tulishangilia mapema. Kusimamisha kibali si kuufanya mlima kuwa wako, na miaka iliyofuata Dada Fong aliitumia kwenye mabenchi ya ofisi, akingoja, akirudishwa, akirudi. Mawaziri walibadilika. Serikali zilibadilika, nyingine kwa kura na nyingine si kwa kura. Yeye alikuja na kikapu chake cha wali wa kunata, akawagawia makarani, akauliza habari za watoto wao kwa majina, halafu akauliza habari za mlima. Karani mmoja alitusimulia kwamba akimwona tu mlangoni hulitoa faili kabla hajasalimiwa. Mwaka huu, kabla ya Mafungo kuanza, Pha Khwan umeandikishwa kuwa msitu wa jamii, mashariki na magharibi, wote, kwa jina la Ban Khwan. Nilitangaza redioni. Nilitangaza mara tatu, na bei ya vitunguu saumu siku hiyo hamkuisikia.

Kuna jambo moja sikuwahi kulitangaza. Vazi la kwenye mti hufifia, na kila mwaka hubadilishwa. Mwaka aliofariki Bibi Chansom, Bwana Wirot alikuja ofisini kwetu akiwa amelibeba vazi jipya begani, limekunjwa vizuri. Alisimama mlangoni akamwambia Dada Fong, “Dada, nimekuja kuuliza njia.” Wote tuliinamisha vichwa kwenye kazi zetu. Dada Fong alivaa ndala, akachukua chupa ya maji, wakaondoka wawili. Walirudi jua limeshaanza kushuka, na safari ile haichukui muda huo. Bwana Wirot alikuwa na matope mpaka magotini na macho mekundu, na alikuwa anacheka.

Dada Fong, unatuacha na maghala ya mpunga katika kila kijiji cha bonde, na bomba lenye maji mwaka mzima, na Mama Bunpan, na makarani wanaokuogopa na kukupenda kwa pamoja. Umetufundisha kwamba mtu wa dini anaweza kusimama mbele ya buldoza bila kumchukia dereva wake. Tunakushukuru kwa hasira zako zote, maana hakuna hata moja uliyoitumia kwa ajili yako mwenyewe. Umesema huendi kuvaa mavazi meupe ya watawa wa kike kwa sababu watakuamsha alfajiri kutafakari. Umesema unakwenda kulima vitunguu saumu. Basi nitakutangazia bei nzuri.

Wasomaji, tunakutana mlimani, chini ya takhian. Wenye magoti mabovu wameshatuma malalamiko, yamepokelewa na yamepuuzwa. Baba Mtawa Kittisan ni mzee sasa na atapandishwa kwa kiti, na wanne kati ya wale vijana wa misumeno, ambao sasa ni walinzi wa msitu, wameomba wambebe wao. Kamati imeweka mishale kwenye kila njia panda. Dada Fong ameiona akasema ni ya wageni.

Basi tangulia, Dada Fong. Ukungu ukiwepo, uwepo. Sisi tuko nyuma yako na spika, kama siku zote, na safari hii hakuna atakayesema tumuulize mama wa uyoga. Uishi kwa afya na furaha, ule pilipili zako, ukorome ukiwa umekaa. Na popote utakapopotelea, usikie maji.